Mabinti watatu, vichwa vitatu, na Krismasi ya ukweni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mabinti watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza nguo za mtumba soko la Sido. Mkubwa ana miaka 10, wa kati 7, na mdogo ametimiza 3 mwezi wa nane. Kila Krismasi tunashuka Tukuyu kwa wakwe zangu, na huko ndiko mambo yangu huharibika.

Wifi yangu huja kutoka Dar na mabinti zake wawili. Wakiteremka kwenye gari rasta zimefika kiunoni, shanga zinalia, ukoo mzima unatoka nje kuwapokea. Wangu wamesimama pembeni na vichwa vyao. Mkubwa anasoma shule ya serikali, kule wananyoa, na mara ya mwisho alinyolewa katikati ya Novemba. Wa kati yuko shule binafsi, wanaruhusiwa kusuka, ana nywele nyingi ila ngumu, chanuo likimgusa tu analia. Mdogo ana nywele laini, na juu ya masikio zimekuwa chache.

Mwaka jana niliwapeleka saluni tarehe 24. Usiku ule mdogo hakulala. Kulipokucha ana vipele vyenye maji kwenye mistari yote ya mbele. Baba yake akamfumua palepale Tukuyu, wenzetu wanajiandaa kwenda kanisani, na mama mkwe akasema mbele za watu: "Mtoto wa miaka miwili mnamtesa ili nani amwone?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa mwaka huu mume wangu anasema wote watatu wanyolewe, kesi iishe. Mkubwa tangu shule ifungwe anaomba rasta nyekundu kama za binamu zake, kila siku. Msusi wangu anasema nywele za mkubwa anaweza kuzishika hivyo hivyo zilivyo, wa kati tumtie dawa ya watoto zilainike, na mdogo atamsukia taratibu. Shilingi 15,000 kwa kichwa, nifike tarehe 24 asubuhi na mapema. Rasta nimeshanunua, pakiti nne.

Nataka watoto wangu wapendeze, Shangazi. Kuna kosa hapo? Na mama mkwe nitamwambia nini?

Ndaga fijo.
Mama Mabinti, Uyole

* * *

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka huku Iringa.

Hakuna kosa. Mtoto aliyetengenezwa nywele, akavaa gauni lake, akapita mbele za watu siku ya Krismasi, anaijua sikukuu kuliko wewe unayepika. Lakini barua yako nimeirudia nikitafuta mahali watoto wenyewe wanaposema, nikampata mmoja tu, huyo mkubwa na rasta zake nyekundu. Wengine wote wanaosema ni msusi, baba, bibi na wifi aliye bado njiani. Kwa hiyo mimi nitakwenda kichwa kwa kichwa, na nitaanza na aliyeumia.

Vile vipele vya mdogo havikutokana na rasta mbaya, wala na kile ambacho sisi wasusi hupenda kukisingizia, kwamba mtoto ana kichwa chepesi. Alivutwa. Kila unywele umeota ndani ya kifuko kidogo kwenye ngozi. Ukiuvuta usiku na mchana, ukauning'inizia na uzito wa rasta, kifuko kinavimba, vijidudu vinaingia, ndiyo yale majimaji uliyoyaona. Ukiacha mapema nywele hurudi. Ukirudia kila sikukuu mwaka hadi mwaka, kifuko hugeuka kovu, na juu ya kovu hakuoti kitu. Wapo dada wa miaka 25 ambao paji la uso limeshapanda hadi karibu na utosi, wakifunga vilemba hata kwenye joto, na ukiwauliza watakwambia walianza kusukwa rasta wakiwa bado wananyonya. Huenda nywele chache za mwanao juu ya masikio ni za umri tu, maana watoto wengi huwa hivyo. Huenda pia ni alama ya ule usiku. Vyovyote iwavyo, pale hapavutwi tena.

Basi Krismasi hii mdogo haongezewi chochote. Si rasta, si uzi, si mistari ya kubana, hata kama msusi ataapa kwamba atakwenda taratibu. Asubuhi ya sikukuu, akishakunywa chai, mnyunyizie maji kichwani, mpake mafuta ya nazi kidogo, kisha mgawanye mabutu mawili au matatu yaliyolegea na kila butu ulifunge kwa kitambaa laini kilichokatwa kwenye kitenge cha gauni lake. Ni kazi ya dakika 10. Hadi saa sita mchana kitambaa kimoja kitakuwa kimepotea na kingine kiko kwa mbuzi, hiyo ndiyo Krismasi ya mtoto wa miaka 3. Usitumie zile rababendi ndogo za rangi, zinakata nywele, na siku ya kuzitoa zinaondoka na nyingine. Kama ulishamfunga nazo, zikate kwa mkasi badala ya kuzivuta. Shanga na vibanio vidogo pia sivitaki kwake. Umri huo kila kitu kinapita mdomoni au puani kwanza, na ukiwa Tukuyu usiku wa sikukuu huna haja ya kuanza kutafuta daktari wa kutoa shanga puani.

Sasa huyu wa kati, na hiyo inayoitwa dawa ya watoto. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu msusi wako anakushauri jambo ambalo kesho yake hatakuwepo kulijibu.

Pale sokoni bila shaka unawafahamu kina mama wanaotengeneza sabuni za miche. Umewaona wanavyoishika kostiki soda, na glavu, na watoto wamefukuzwa mbali. Jina lake la kitaalamu ni sodiamu haidroksaidi, na ndiyo hiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za nywele za watu wazima. Zile za watoto, zenye msichana anayecheka kwenye boksi, mara nyingi huwa na kalisiamu haidroksaidi inayochanganywa na kitu cha pili kabla ya kupakwa. Wameandika kwa herufi kubwa kwamba haina kostiki, na ni kweli haina, lakini mchanganyiko huo nao ni mkali vilevile. Usingekuwa mkali nywele zisingenyooka. Kazi yake ni kuvunja kile kinachoufanya unywele ujisokote. Mtoto akiwa amejikuna kichwa siku moja kabla, pale alipojikuna pataungua. Na mtoto wa miaka 7 hawezi kukaa na dawa kichwani bila kutikisika. Tone moja likiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Halafu tuseme imekwenda salama. Nywele zilizonyooshwa hazirudi zilivyokuwa, na zinazoota chini yake zinaota zile zile ulizozikimbia. Baada ya wiki 6 au 8 kichwa kina nywele za aina mbili, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika. Utarudi saluni, na utarudi tena. Umeanza mkataba na dawa kwa mtoto ambaye hajamaliza darasa la pili, kwa sababu ya siku moja ya Desemba. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa nimesuka watu Mashine Tatu hapa Iringa hadi magoti yakakataa kusimama.

Nywele za mwanao nadhani si ngumu. Zinachanwa zikiwa kavu, tena kuanzia kwenye ngozi. Jaribu hivi wikiendi kabla ya sikukuu. Mwoshe kwa shampuu, mpake kondishena nyingi usiionee huruma, mgawanye kichwa sehemu nne na ufunge tatu zisiingilie. Ile moja uliyobaki nayo ishike katikati kwa mkono wa kushoto ili uvutaji uishie mkononi mwako usifike kichwani, kisha anza kuchana kwenye ncha kwa chanuo lenye meno mapana. Ncha zikiachia, panda kidogo. Zikiachia, panda tena. Kwenye shina unafika mwisho kabisa. Zikishaachia zote, suuza kondishena sehemu moja moja. Mpe simu aangalie katuni, au mwambie akuhesabie, watoto wengine hulia kwa kuzoea tu. Na kwa kuwa najua Rungwe yote, huko kwenu Tukuyu, sasa inazungumza parachichi: hilo liwe la kula. Ukilisaga ukampaka kichwani utaokota vipande hadi mwaka mpya. Mafuta yake yaliyokwisha kamuliwa, sawa, matone machache kwenye ncha.

Baada ya hapo mfunge uzi. Huu ndio ujuzi wa bibi zetu ambao draya ilituondolea. Chukua uzi mweusi wa kusukia, gawa nywele vifungu vya ukubwa wa kidole gumba, na kila kifungu ukizungushie uzi kutoka karibu na ngozi hadi kwenye ncha. Pale kwenye ngozi legeza, kaza kidogo unapokwenda juu. Alale nazo. Kesho yake ukizifungua zimenyooka zenyewe, ndefu kuliko ulivyodhani, laini kuchana, na hujatumia moto wala dawa. Kwa watu wa Mbeya kuna faida ya pili: draya inahitaji umeme, uzi hauhitaji.

Kutoka hapo una nywele za kuchezea. Ukitaka mtindo wa haraka, msuke mistari minne au mitano mbele inayopanda kuelekea utosini, nyuma uache nywele zake mwenyewe zikusanywe kuwa furushi moja kubwa lenye utepe mwekundu. Ukitaka mtindo wa mimi ninayekushauri, msuke taji: mstari mmoja mnene unaoanzia nyuma ya sikio, unapita juu ya paji la uso bila kubana ukingo, unazunguka kichwa chote na kurudi ulikoanzia, ncha inafichwa chini yake. Unapitisha utepe mwembamba wa dhahabu ndani ya msuko, unaonekana na kupotea, unaonekana na kupotea. Hauhitaji rasta, na kwa mtoto aliyekwisha chanwa vizuri ni kazi ya saa moja au chini yake. Sijaona mtoto asiyependeza na taji. Kama unaona ni kazi kubwa, msuke twende kilioni ya kawaida na umwekee shanga chache kwenye ncha, nyekundu na nyeupe, mistari isiwe myembamba sana. Shanga nyingi ni mzigo, na mzigo wote unaning'inia kwenye mashina.

Akitaka wekundu wa rasta kama dada yake, usimnyime kabisa. Msusi anaweza kuingiza kifungu chembamba kuanzia katikati ya mstari, si pale mbele kwenye ukingo, na urefu uishie mabegani. Pakiti moja itatosha na kubaki.

Namna ya kujua kama amebanwa ni rahisi. Kabla hajainuka kwenye kiti mwambie ainue nyusi, acheke, alaze shavu kwenye mkono kama anayelala. Akikunja uso, fumua ule mstari hapo hapo. Ukiona ngozi imeinuka vijilima vyeupe kwenye mashina, fumua usisubiri akuambie. Na msusi yeyote anayekuaga kwa kusema "ukifika nyumbani mpe panadol" ameshakuambia mwenyewe alichokifanya.

Nimfikie mkubwa, ambaye ndiye aliyeniweka nikiandika barua ndefu hivi.

Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Aliyenyolewa katikati ya Novemba, siku ya Krismasi ana sentimita moja na nusu hivi. Mimi kwa mikono yangu nahitaji kama sentimita 3 ndipo niongeze rasta na moyo wangu utulie. Msusi wako anaposema anaweza kuzishika, simbishii, wapo wasusi wenye vidole vya ajabu. Ila kwa urefu huo kila fundo linashika nywele chache sana na ngozi ndiyo inayobeba uzito. Zitaning'inia wiki, zitaanza kuchomoka na mizizi yake, na Januari kabla ya shule kufunguliwa utamnyoa tena kile kilichobaki. 15,000 imekwenda, mtoto ameumia, na picha zenyewe ataonekana amevutwa macho.

Lakini usimwambie "nywele zako fupi ni nzuri" huku unamtazama kwa huruma. Mtoto wa miaka 10 anasoma uso wako haraka kuliko anavyosoma kitabu. Kama wewe unaona aibu na kichwa chake ukiwa ukweni, yeye ataona aibu hata ukimvika dhahabu. Zungumza naye sasa, bado mko Uyole, binamu hawajafika. Mweleze kwa nini rasta haishiki, mpimie na rula kabisa, watoto wa umri wake wanapenda kuelewa. Kisha mpe kazi ya kuchagua.

Achague nini? Kwanza kinyozi mzuri, wiki moja kabla, amlinganishe na kumchonga ukingo wa shingoni na pembeni. Nywele fupi zilizochongwa vizuri na zile zilizoachwa ziote ovyo hazifanani kabisa, na watu wengi wanaodai nywele fupi hazipendezi hawajawahi kuona zilizochongwa. Anaweza kumchorea mstari mmoja mwembamba upande mmoja. Nyota pia inawezekana, ila nyota kichwani mwa binti kanisani Tukuyu itakufungulia kesi mpya na mama mkwe. Mimi ningeishia kwenye mstari. Pili ipo ile sponji yenye vitobo ambayo vinyozi huwasokotea vijana. Unalowesha nywele kidogo, unapaka krimu, unazungusha sponji upande mmoja dakika kama 10, zinajisokota vipilipili vidogo vinavyong'aa. Zikifika sentimita 2 hukubali vizuri. Za mwanao ziko mpakani, zijaribuni mapema msije mkashangazwa asubuhi ya sikukuu.

Tatu, na hili naliona ndilo lake, tumia zile rasta ulizonunua bila kuzigusisha kichwa chake. Chukua kipande cha kitenge cha gauni, shona bendi pana ya kichwa yenye lastiki laini nyuma. Suka rasta nyekundu mikia miwili au minne, nene kiasi, shona vichwa vyake ndani ya bendi kwenye usawa wa masikio. Anaivaa kama kofia, nywele zake fupi zilizochongwa zinaonekana juu, mikia inashuka mabegani na shanga zake kwenye ncha. Akichoka anaivua, akienda kucheza anaivua, usiku haumii. Fundi nguo yeyote ataimaliza upesi, na msichana wa miaka 10 anaweza kuisuka mikia mwenyewe ukimshikia upande wa pili. Akikataa, akasema anataka zilizoshonewa kichwani kama za watoto wa Dar, mwambie hapana bila kumpigia kelele. Utakuwa umempa tatu za kuchagua.

Mambo ya saluni nayapitia haraka. Usiende tarehe 24. Siku hiyo msusi amesimama tangu alfajiri, anawaza kichwa kinachofuata, na mtoto anawekwa katikati ya wasichana wawili, kila mmoja anavuta upande wake ili amalize. Nenda tarehe 21 au 22, asubuhi, mtoto ameshiba. Ngozi inapata siku mbili tatu za kutulia, na kasoro ikitokea bado uko mjini. Nenda na chanuo lako na kitana chako, na kinyozi mwombe afute mashine kwa spiriti mbele yako, usione haya. Mapunye husambaa hivyo, kitana kimoja vichwa 30. Rasta zinazomwasha mtoto huwa zimepakwa kitu kiwandani. Ziloweke nyumbani kwenye maji yenye siki kidogo, uzisuuze, uzianike.

Na ncha za rasta. Kuzichovya kwenye maji ya moto mtoto akiwa amekaa kwenye kiti ni jambo ninalolichukia tangu nikiwa kazini. Sufuria inapitishwa nyuma ya shingo ya mtoto, msuko unarudi mgongoni ukiwa bado unatoa mvuke. Kuzichoma kwa kiberiti ni vilevile. Mwambie msusi ncha azifunge kwa uzi, inatosha. Rasta nyingi ni plastiki, zikishika moto zinayeyuka na kung'ang'ania kwenye ngozi; kama kanisa la huko hugawa mishumaa mkesha wa Krismasi, mabinti wote wenye mikia mirefu, wa kwako na wa wifi, wafungwe nywele nyuma kabla mishumaa haijawashwa.

Safari yenyewe usiisahau. Ninyi wa Mbeya mnaijua mvua ya Desemba, na Tukuyu ndiko mvua inakolala. Gari likifika Isongole na ule ukungu, kila kichwa kiwe na kofia au kitambaa. Msuko wa uzi wa kufumia sweta, ambao naona umerudi kwa wasichana, unanyonya maji na kukaa mzito na baridi siku nzima, kwa hiyo safari hii si wake. Usiku, huyu wa kati alale na skafu ya satini kuulinda msuko, kila mtoto na yake, maana najua huko mtawalaza watoto wanane kwenye mkeka mmoja na chawa hawaulizi huyu katoka Dar au Uyole.

Ukihesabu, ile 45,000 imepungua sana. Nunua mabuti ya mvua.

Mume wako anataka kunyoa wote kwa sababu ndiye aliyemfumua mtoto akilia. Mtu aliyefanya kazi ile ana haki ya kuogopa, usimwone adui wa urembo. Mweleze mpango huu wote, umwoneshe kwamba mdogo hataguswa, halafu umwulize kama bado anaona wa kati anyolewe. Nadhani atalegea. Asipolegea mwambie aje mwenyewe kusimamia kiti tarehe 21, aone akiwa na macho yake.

Mama mkwe ulichukia aliposema mbele za watu, na hapo una haki. Alikuwa na chumba cha kukuitia pembeni. Ila swali lake lilikuwa la kweli. Usisubiri alirudie. Mpigie simu kabla hamjasafiri, umsalimie, umwambie: "Mama, mwaka huu mdogo hatusuki, na huyu wa kati hatutii dawa. Ninaomba ukimpata utufungie uzi, mimi mkono wangu bado." Kwa umri wake nina hakika uzi anaufahamu kuliko mimi na wewe. Kama atakubali, basi taji la wa kati lisukwe huko huko Tukuyu tarehe 24 baada ya uzi wa bibi kukaa usiku mmoja, na saluni huna haja ya kwenda naye kabisa. Kaa karibu lakini, wazee wetu nao wana mikono mizito; mtoto akikunja uso sema kwa upole "mama, hapo amesema panauma", usiseme wewe ndiye unayeona.

Na wifi? Sioni alichokosa. Watoto wake wamesukwa kama watoto wa mjini wanavyosukwa. Ukiwapokea kwa kuwasifia kwanza wewe, kabla ukoo haujatoka nje, utashangaa jinsi hao mabinti watakavyowaonesha wako shanga zao badala ya kuwaringia. Usishangae pia wakitaka ile bendi ya mkubwa waijaribu.

Baada ya sikukuu, furushi au taji la wa kati usilipitishe wiki mbili. Fumua kwa vidole na mafuta kidogo, osha, mwache kichwa kipumue kabla ya shule. Siku hiyo hiyo wakague wote watatu juani. Ukiona duara lenye magamba na nywele zimekatika usawa wa ngozi, hayo ni mapunye, usihangaike na krimu ya dukani peke yake kwa sababu ugonjwa unakuwa umeingia ndani ya unywele. Nenda zahanati, atapewa vidonge vya kumeza wiki kadhaa na avimalize hata kama pameshaonekana pazima. Na pale juu ya masikio ya mdogo, mpige picha leo. Mpige nyingine Pasaka. Kama nywele hazijaongezeka na hajavutwa muda wote huo, omba akaonwe na daktari wa ngozi.

Shangazi